Mama mkwe yuko jikoni: kisa cha maswali ya ngono katika kitongoji cha wavuvi, Kigoma

Kishikwambi kiligoma kulifunga dodoso. Mhojiwa ni mwanamke wa miaka 19, mke wa mvuvi wa dagaa. Kwenye sehemu ya uzazi alijibu kuwa ana ujauzito wa miezi mitatu. Kwenye sehemu ya ngono, alipoulizwa mara ya mwisho kujamiiana ilikuwa lini, alijibu, "Ni zamani. Mwaka umepita sasa." Programu ikatoa onyo kwamba majibu hayo hayakai pamoja. Mhojaji akalipuuza onyo, akaandika kwenye nafasi ya maoni, "Mhojiwa amesisitiza," akaenda kaya inayofuata. Jioni, wakati wa kukagua kazi ya siku, msimamizi wa timu akalikuta.

Kisa hiki nimekisuka kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika tafiti za kaya, na nimekiweka katika kitongoji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Uvinza. Hakuna kaya halisi ambayo mtu anaweza kwenda kuitafuta, na nimefanya hivyo makusudi. Takwimu za ngono ndizo zinazoamua huduma za UKIMWI zielekezwe wapi, vijana wafundishwe nini na fedha zikatwe wapi. Lakini tunazisoma kana kwamba maneno yametoka mdomoni mwa mtu yakaingia kwenye jedwali bila kupita popote. Yamepita. Yamepita kwa aliyeuliza, mahali alipoulizia, na masikio yaliyokuwa karibu. Msimamizi wa jioni ile alikuwa na dodoso moja mkononi ambalo lilionyesha hayo yote, na siku chache baadaye akakuta la pili lililokuwa la hatari zaidi.

Tuanze na hilo la kwanza.

Nyumba, jiko na ziwa

Mkuu wa kaya ni mama mkwe, mjane, ambaye hununua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, alfajiri na kuwaanika mchangani. Yeye ndiye aliyejibu orodha ya wanakaya. Alipoulizwa nani alilala nyumbani usiku wa kuamkia siku ile, mwanawe hakumtaja. "Yuko kambini," alisema. "Huyo ni mtu wa maji." Kwa hiyo mume hakuingia kwenye orodha ya wanaume wa kuhojiwa, na kwenye karatasi kaya ikabaki na mwanamke kijana mwenye mume asiyekuwepo.

Ukisoma haraka, unajua akili inakimbilia wapi: mume hayupo, mimba ipo. Mhojaji mwenyewe alifikiri hivyo, na ndiyo sababu hakutaka kuuliza zaidi. Aliona anamfichia mwenzake aibu.

Kumbe ziwa lina kalenda yake. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi hutoka jua likizama, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga na migebuka wanawafuata dagaa, kisha watu wanarudi kunakucha. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukishakua, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, uvuvi unapungua, wavuvi wanashona nyavu na wengi wa kambini wanarudi makwao. Timu iliingia kitongojini katika siku za giza, wakati ambao wanaume wengi wako majini au kambini. Ndani ya miezi mitatu mbalamwezi imekuja mara tatu. Maelezo mepesi kuliko yote ya ujauzito ule ni kwamba mume alikuja nyumbani kama kawaida yake, na mama mkwe aliposema "yuko kambini" alikuwa anajibu swali la usiku mmoja aliloulizwa.

Hapa kuna jambo la sampuli linalostahili kuangaliwa kabla hatujafika kwenye ngono. Tafiti kubwa za kaya huhesabu watu waliolala kwenye kaya usiku uliotangulia. Kwa mkulima wa Kasulu au mfugaji wa nyuki wa Sikonge kanuni hiyo haina shida kubwa. Kwa mvuvi wa dagaa, ukija wakati wa giza unawakosa wanaume wale wale ambao safari zao, fedha zao za mkononi na kukaa kwao mbali na nyumbani ndivyo vinavyokufanya utake kuwauliza. Wanaobaki kuhojiwa ni wazee, walimu, wenye maduka na vijana wasio na mtumbwi wa kupanda. Tarehe ya kuingia uwandani pwani ya Tanganyika ni uamuzi wa kitakwimu. Naona mara nyingi inaamuliwa na upatikanaji wa gari.

Swali la msimamizi

Msimamizi alimwita mhojaji wakakaa kando. Hakumuuliza mhojiwa alijibu nini. Hilo lilikuwa kwenye kishikwambi. Alimuuliza, "Mlikaa wapi?"

"Uani, nyuma ya nyumba. Tulikuwa wawili tu."

"Mama yake alikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Jiko lina ukuta wa nini?"

Ukuta ulikuwa wa matete. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, hatua chache kutoka pale, akipepeta mchele. Mwanzoni mhojaji alikuwa amejaribu. Alimwambia, "Mama, shikamoo tena. Naomba nizungumze na mke wa mwanao faragha kidogo, ni maswali ya afya ya akina mama." Akajibiwa, "Marahaba. Zungumzeni tu mwanangu, mimi si mama yake? Ana siri gani na mimi?" Kisha mama, kwa heshima zake, akaondoka pale uani akaingia jikoni. Kwake yeye amewaachia nafasi. Mhojaji, ambaye macho yake hayakumwona mtu, alipofika kwenye kipengele kinachotaka ajaze nani alikuwepo wakati wa maswali yale, alijaza "hakuna".

Mimi naona kosa la kisa kizima liko kwenye neno hilo moja, na mama mkwe hana kosa. Mwanamke wa miaka 19 anayeishi kwa mama mkwe, na ambaye mumewe ni mtoto wa huyo mama, hawezi kutaja tendo la ndoa mbele yake, hata lililo halali, hata lililomletea ujauzito ambao bibi mwenyewe anausubiri kwa hamu. Kusema "mwezi uliopita" ni kukosa adabu. Kusema "mwaka umepita" ni kuyamaliza mazungumzo.

Na kweli yanaisha. Madodoso haya yamejengwa kwa kuruka. Ukisema hujajamiiana ndani ya miezi 12, unavushwa maswali ya mwenza wa mwisho, wa kabla yake, uhusiano wenu, kondomu, na kama mmoja wenu alikuwa amelewa. Mhojiwa mwerevu, ambaye tayari ameshajibu maswali ya chandarua, choo na chanjo, anagundua upesi kwamba "hapana" ndiyo njia fupi. Mhojaji aliyechoka naye anaigundua. Hakuna kati yao anayefanya hila. Dodoso lenyewe linawalipa wote wawili kwa jibu hilo.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake 15,254 na wanaume 5,763 wa miaka 15 hadi 49. Madodoso ya utafiti huo yana agizo kabla ya maswali ya ngono: mhojaji ahakikishe kuna faragha kwa kadiri awezavyo. Sasa linganisha na sehemu ya ukatili wa majumbani ndani ya utafiti huo huo. Pale anachaguliwa mwanamke mmoja tu katika kaya, na faragha isipopatikana maswali hayaulizwi kabisa. Sababu inaeleweka: jibu likisikika, mtu anaweza kupigwa usiku huo. Ningependa tujiulize kwa nini kwenye ngono tunaendelea kuuliza huku mama mkwe akisikia, wakati jibu likisikika linaweza kuvunja ndoa na kumtoa binti nyumbani.

Damu na mdomo

Kwamba mtu husema "sijafanya" huku mwili ukieleza vingine si jambo geni ukanda huu wa nchi. Katika vijiji vya Mwanza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa mradi wa vijana walilinganisha njia tano za kujua mwenendo wa ngono wa vijana: vipimo vya magonjwa ya zinaa na ujauzito, mahojiano ya ana kwa ana, dodoso la kujijazia kwa msaada, mahojiano ya kina, na kuishi kijijini kwa kushuhudia. Miongoni mwa vijana ambao vipimo vilionyesha wazi wameshajamiiana, ni asilimia 58 tu ya wavulana na asilimia 29 ya wasichana waliosema hivyo katika mahojiano na katika dodoso la kujijazia pia. Yaani wasichana saba kati ya kumi waliokuwa na ushahidi mwilini walikana angalau mara moja.

Tafiti za kitaifa za UKIMWI zimejifunza kutouamini mdomo peke yake. Anayesema hajui hali yake huku damu yake ikikutwa na dawa za kufubaza virusi huhesabiwa kuwa anaijua. Hiyo ni busara, na haimwaibishi mtu, kwa sababu masahihisho yanafanyika kwenye jumla. Lakini damu haiwezi kusema mtu ana wenza wangapi, wala ni wa jinsia gani. Huko tumebaki na mdomo.

Alichoamua kuhusu dodoso la kwanza

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kumrudia mhojiwa na kumwomba arekebishe. Inaonekana ya uaminifu, na ndiyo inayofundishwa kwa makosa ya kawaida kama umri wa mtoto usiolingana na tarehe yake ya kuzaliwa. Lakini gari la utafiti likirudi nyumba ile ile kesho yake, wakamwita yule yule, mama mkwe atauliza kumetokea nini. Na ukienda kumwambia binti "majibu yako ya mimba na ya tendo hayalingani", tayari umemweka kizimbani.

Ya pili, kurekebisha kwa kichwa: mimba ya miezi mitatu, basi weka "miezi mitatu iliyopita". Wapo wanaofanya hivyo na wanaita usafishaji. Ni kughushi, hata kama tarakimu iliyowekwa inakaribia kweli, kwa sababu hapo msimamizi ndiye anayejibu swali la ngono badala ya mhojiwa.

Alichukua ya tatu. Jibu akaliacha lilivyo. Akabadilisha kipengele cha nani alikuwepo, kutoka "hakuna" kuwa "mwanamke mwingine, anasikia", kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la mhojaji na mhojaji mwenyewe alilithibitisha. Akafuta "mhojiwa amesisitiza", maneno ambayo mbele ya mtu asiyeijua kaya ile yangesomeka kama tuhuma. Mchambuzi atakayekuja baadaye anaweza kutenga madodoso yaliyojibiwa mbele ya watu na kuona yanatofautiana vipi na mengine. Binti hakuguswa.

Naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Kuna wenzangu wanaoona jibu la uongo lililoachwa linaharibu kazi. Mimi naona jibu la uongo lenye maelezo sahihi ya mazingira yake lina faida kuliko jibu lililonyooshwa ambalo hakuna ajuaye limetoka wapi.

Kesho yake utaratibu ukabadilika, na ulibadilika kwa vitu vidogo. Mpimaji wa uzito wa watoto alikuwa na mizani. Akaiweka kivulini chini ya mwembe, mbali na nyumba, akawaomba mabibi walete wajukuu huko. Bibi anampeleka mjukuu kupimwa kwa furaha, anakaa, anapiga soga, na mke wa mwanawe anabaki na mhojaji. Wengine walihojiwa wakielekea kuchota maji. Wahojaji wakaambiwa wasijaze "hakuna" mpaka wasimame, wazunguke ukuta, waangalie nyuma yake.

Mwaloni

Upande wa wanaume tatizo liligeuka. Mhojaji wa kiume aliwakuta vijana wakishona nyavu, akamhoji mmoja pale pale, wenzake wakimzunguka. Alipofika kwenye idadi ya wenza maishani, wenzake wakamjibia: "Huyo usimwandikie chini ya ishirini!" Mhojiwa akacheka, akasema, "Andika thelathini." Ikaandikwa thelathini.

Tofauti ya wanaume na wanawake kwenye swali hili iko kila mahali lilikoulizwa. Nchini Uingereza, katika utafiti wa kitaifa wa ngono wa 2010 hadi 2012 uliohusisha watu zaidi ya 15,000, wanaume walitaja wastani wa wenza 14 maishani na wanawake 7. Hesabu haziwezi kukubali hivyo katika nchi moja, kwa kuwa kila tendo la mwanamume na mwanamke lina watu wawili. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha sehemu kubwa ya pengo inatokana na watu wachache waliotaja idadi kubwa mno, na sehemu nyingine inatokana na namna ya kuhesabu: wanawake wengi zaidi walihesabu mmoja mmoja, wanaume wakakadiria. Wakizingatia hayo pamoja na mitazamo ya watu kuhusu ngono, pengo la saba lilishuka likawa chini ya tatu.

Pwani ya Kigoma kuna jambo la ziada, na ningewaomba wasomaji wa takwimu walikumbuke kabla hawajawaita wanawake waongo. Wenza wa wavuvi si wote wanaoishi kwenye kaya. Wapo wanawake wanaofanya kazi kwenye nyumba za wageni, wapishi wa kambini, wafanyabiashara wa dagaa wanaohama mwalo hadi mwalo, na wanaovuka kutoka ng'ambo. Sampuli inachorwa kwa kaya zilizoorodheshwa. Mwanamke anayelala chumba cha kupanga nyuma ya baa, akihama kila msimu, hawi kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji. Basi sehemu ya wanawake wanaokosekana kwenye jibu wanakosekana kwanza kwenye orodha.

Thelathini ya yule kijana iliachwa na kipengele cha watu waliokuwepo kikajazwa inavyostahili. Siku zilizofuata wanaume walihojiwa nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, mbali na wenzao. Na huko ndiko lilikotoka dodoso la pili.

Sentensi moja kwenye nafasi ya maoni

Kijana mwingine, naye mvuvi, alipofikishwa kwenye swali la mwanamke wa mwisho aliyejamiiana naye, alinyamaza kidogo akasema, "Kaka, hapo kwenye mwanamke hapanihusu."

"Kwa hiyo hujawahi?"

"Sijasema sijawahi."

"Sasa niandike nini?"

"Andika hakuna."

Mhojaji akaandika hakuna. Halafu, kwa nia njema kabisa, akafungua nafasi ya maoni akaandika sentensi moja ya kueleza alichoelewa. Sentensi hiyo ikakaa kwenye kishikwambi pamoja na namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya, umri wa kijana na alama za setilaiti za mlango wao.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaliadhibu tendo ambalo sentensi ile ilimhusisha nalo, la mwanamume kujamiiana na mwanamume, kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Data za utafiti kama ule wa 2022 zinapotolewa kwa watafiti, alama za mahali husogezwa: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na sehemu ndogo hadi 10, ili mlango usijulikane. Lakini hilo linafanyika mwishoni. Jioni ile uwandani kila kitu kilikuwa wazi, na kishikwambi kinaweza kuibwa, kuazimwa au kusomwa na dereva. Kijana alikuwa ameahidiwa kwenye fomu ya ridhaa kwamba majibu yake hayatahusishwa na yeye. Aliamini ahadi hiyo kiasi cha kusema nusu ya jambo.

Msimamizi aliifuta sentensi kabla ya kutuma data. Akawakusanya wahojaji wote, bila kutaja kaya wala mtu, akawaagiza nafasi ya maoni isitumike tena kwenye sehemu ya ngono. Katika taarifa ya mkoa mzima, baada ya kazi kwisha, aliandika kwamba dodoso la wanaume linadhania mwenza ni mwanamke, kwa hiyo halina pa kuweka jibu lingine. Hakuandika limegundulika wapi.

Atakayesema alificha data atakuwa hajaelewa data ni nini. Jibu la mhojiwa lilikuwa "hakuna", naye ndiye aliyelichagua. Sentensi ilikuwa ya mhojaji.

Lakini swali kubwa linabaki: sasa "hakuna" ile inapima nini? Kwenye jedwali itasomeka kijana hajawahi kujamiiana, na itaingia kwenye asilimia ya vijana waliojizuia, asilimia ambayo viongozi huipongeza. Na ingekuwa dodoso linauliza, lingeuliza nini? Utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 uliowahoji watu wazima 3,432 ulitenganisha mambo matatu: mtu anavutwa na nani, amefanya na nani, na anajiitaje. Kati ya wanaume, asilimia 2.8 walijitambulisha kuwa ni wapenzi wa jinsia moja au zote mbili. Waliowahi kufanya na mwanamume tangu wafike miaka 18 walikuwa karibu asilimia 5, na tangu kubalehe karibu asilimia 9. Ni wanaume wale wale. Asilimia inategemea umewauliza lipi. Kijana wa mwaloni alizungumzia tendo tu, tena kwa kukwepa. Anajiitaje, au kama anajiita chochote, hatujui, na mtu asimbandikie.

Namna ya kuuliza nayo inabadilisha jibu kwa kiasi cha kushangaza. Mwaka 1995 vijana wa kiume wa Marekani wa miaka 15 hadi 19 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walijaza karatasi, wengine walisikia maswali kwa vifaa vya masikioni na kujibu kwenye kompyuta bila mtu kuona. Waliokiri kujamiiana na mwanamume walikuwa asilimia 1.5 kwenye karatasi na 5.5 kwenye kompyuta. Na hata pasipo na kifungo, watu hunyamaza: katika sensa ya Uingereza na Wales ya 2021, ambako swali la mwelekeo lilikuwa la hiari kwa wenye miaka 16 na kuendelea, asilimia 3.2 walichagua jibu lisilo la wapenzi wa jinsia tofauti, na asilimia 7.5 hawakujibu. Walionyamaza ni zaidi ya mara mbili ya waliosema.

Kuna na hatari ya upande wa pili, ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Jambo likiwa la wachache, kosa dogo la kidole linalimeza. Chukua watu 1,000 ambao 10 kati yao ndio wenye jibu fulani. Kama katika wale 990 waliobaki mmoja kwa kila mia amebonyeza pasipostahili, kwa kutoelewa swali au kwa mzaha, unapata karibu 10 wengine wa uongo. Nusu ya kundi lako si kundi lako. Ukianza kuwachambua, wana elimu gani, wana maambukizi kiasi gani, unachambua mchanganyiko. Kigoma, mkoa ambao utafiti wa UKIMWI wa 2022-23 uliupa maambukizi ya asilimia 1.7 kwa wenye miaka 15 na zaidi, wakati Njombe ilikuwa 12.7, namba ndogo ndizo tunazofanya nazo kazi kila siku.

Je, liulizwe?

Hoja ya wanaotaka swali la wenza wa jinsia moja liulizwe kwenye dodoso ni nzito na siidharau. Asiyehesabiwa hapangiwi. Zanzibar ilionyesha uzito huo mwaka 2007: utafiti wa wanaume zaidi ya 500 wanaojamiiana na wanaume ulikuta maambukizi ya asilimia 12.3, visiwani ambako kwa watu wote yalikuwa chini ya moja. Bila kazi ile kundi lingebaki limefunikwa na wastani mzuri.

Lakini angalia lilivyopatikana. Hawakubisha hodi nyumba hadi nyumba. Walitumia njia iliyoelezwa na Douglas Heckathorn mwaka 1997: wahojiwa wa kwanza wanapewa kuponi chache wawape wanaowajua, wanaokuja wanapewa zao, na kila mtu anafika mahali pa usiri kwa hiari yake, mkononi ana kuponi yenye namba tu. Uzito wa kila jibu unarekebishwa kwa ukubwa wa mtandao wa mtu. Njia hiyo inahitaji watu wanaojuana wa kutosha mahali pamoja, jambo ambalo mji unaweza kulitoa na kitongoji cha pwani hakiwezi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dodoso la kaya linaloanza kwa kuandika majina ya wanakaya mbele ya mkuu wa kaya si mahali pa kumuuliza mtu swali ambalo jibu lake lina miaka 30. Aulizwe kwa njia ambayo hata mhojaji hajui amejibu nini, au asiulizwe. Na pasipoulizwa, jedwali lieleze wazi kwamba halikuuliza.

Njia za kuficha jibu kwa mhojaji zipo. Stanley Warner alipendekeza mwaka 1965 kwamba bahati nasibu iamue mhojiwa anajibu swali lipi, mhojaji asijue ni lipi. Jumla inapatikana, siri ya mtu inabaki, ila inataka sampuli kubwa kwa sababu bahati nasibu inatia ukungu. Kura ya siri kwa kikundi inafanya kazi vizuri na vijana, ila inatoa namba ya kikundi tu, huwezi kuiunganisha na kipimo cha damu. Sauti masikioni ndiyo naiona inafaa zaidi kwa pwani hii, kwa Kiswahili na kwa Kiha, mhojiwa akigusa rangi au picha. Isitegemewe kama dawa ya kila kitu, hata hivyo: vijijini Malawi watafiti walipoilinganisha na mahojiano ya ana kwa ana, wasichana walikiri mambo mengine zaidi kwa mtu aliyeketi mbele yao kuliko kwa mashine.

Kwa duru inayofuata katika kitongoji kama hiki ningebadilisha mambo haya. Kuingia uwandani kupangwe kwa mwezi wa angani, timu ifike mbalamwezi ikianza kukomaa. Sehemu ya ngono ipite masikioni, na majibu yake yakae kwenye faili lisilofungukia uwandani hata kwa msimamizi. Nafasi ya maoni iondolewe humo. Kuruka kusawazishwe, ili "hapana" na "ndiyo" ziwe na maswali yenye urefu unaokaribiana. Mwenza aitwe mwenza, jinsia yake isidhaniwe. Na pasipo na faragha, sehemu ya ngono ifungwe kama inavyofungwa ile ya ukatili, dodoso lihesabike limekamilika, mhojaji asikatwe posho.

Hilo la posho ndilo ningelipigania kwanza, kwa sababu mhojaji anayelipwa kwa madodoso yaliyokamilika atamwona mama mkwe nyuma ya ukuta wa matete na ataendelea kuuliza.